Nani Alimwandikia Yunusu

Tukuyu,
12 Februari 2024

Mdogo wangu Fahadi,

Assalaam aleikum. Nakuandikia barua kwa sababu kila nikikupigia simu uko kwenye kikao, na ukitoka kwenye kikao unaniambia, "Dada, kwa kifupi." Mimi sina mambo ya kifupi. Barua hii inakuja na basi la asubuhi, ndani ya boksi la parachichi. Usizile zote siku moja.

Kompyuta uliyotuletea inafanya kazi, nakiri. Unakumbuka duka hili la kukodisha maturubai lilivyokuwa. Harusi ya Kawetele tuliipelekea masufuria bila viti. Kipaimara cha Masoko tukakipelekea viti bila turubai, mvua ikamnyeshea mchungaji mpaka mwisho wa ibada. Sasa Agness anaingiza oda kwenye huo mfumo wako, na wenyewe unasema turubai gani liko wapi, kenta ya mizigo ianzie wapi na imalizie wapi, nani apakie nini. Ambindwile dereva alinuna, akasema hawezi kuonyeshwa njia za Rungwe na kitu ambacho hakijawahi kukwama kwenye tope. Lakini juzi alifika kwake jua bado linawaka, mke wake akadhani amefukuzwa kazi.

Haya, hizo ndizo sifa. Sasa sikiliza aibu.

Tulipeleka maturubai Matwebe kwenye msiba wa mzee Nsajigwa. Kazi ikaenda vizuri, vitu vikarudi. Jioni ile ile mfumo wako, bila kuniuliza, ukamtumia meseji mtoto wa marehemu, Abrahamu. Nainakili hapa: "Hongera kwa siku yako! Tumefurahi kuwa sehemu ya tukio hili. Tunatarajia kukuhudumia tena hivi karibuni. Uongozi."

Fahadi. Tena. Hivi karibuni.

Asubuhi yake Abrahamu alikuja dukani na baba zake wadogo, wamevaa makoti ya mvua, hawataki kukaa. Akanishikia simu usoni, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, unamtarajia nani?" Wana shangazi yao anaumwa mguu, na tangu aisikie hiyo meseji amekataa kwenda hospitali. Anasema ya nini kusumbuka wakati duka la maturubai limeshajua.

Nimekwenda Matwebe na mchele na sukari, nimeomba radhi mpaka koo limekauka. Shangazi amekubali kwenda hospitali, lakini mtaani bado wananong'ona kwamba Mwanaamina ana orodha ya watakaokufa. Biashara hii inaishi kwa jina, mdogo wangu. Jina likienda, ninabaki na mabomba na vitambaa.

Rekebisha hizo meseji. Ziwe na utu. Na wasiandikiwe na "Uongozi", waandikiwe na mtu. Weka jina langu.

Dada yako,
Mwanaamina


Dar es Salaam,
20 Februari 2024

Dada yangu mpendwa,

Waaleikum salaam. Parachichi zimefika, na nusu yake zimeishia kwenye hicho hicho kikao unachokilaumu.

Dada, naomba radhi kwa moyo wote. Kosa ni langu. Meseji ile niliitunga nikiwaza harusi tu. Sikukumbuka kwamba turubai linakwenda pia kwa waliofiwa, mimi niliyekulia chini ya maturubai hayo hayo!

Nimezitunga zote upya. Waliofiwa hawatumiwi kitu chochote. Wengine wote watapata maneno ya upole, na chini kuna jina lako kama ulivyoagiza. Mteja akikaa kimya muda mrefu, mfumo unamsalimia. Akijibu, unamshukuru papo hapo, saa yoyote, asijione amepuuzwa. Ijumaa unawatakia heri Waislamu, Jumapili Wakristo. Wewe na Agness hamna haja ya kugusa chochote, kwa hiyo hata hizo meseji hazitawajazia simu zenu. Zinakwenda na kurudi kimya kimya.

Nilimsomea mfanyakazi mwenzangu mmoja, akasema zimemgusa.

Dada, kuna jambo sijakuambia. Mfumo huu nimeutengeneza mwenyewe, nje ya kazi ya ofisi. Duka lako ni la kwanza kuutumia. Ukikubalika Tukuyu, nitaweza kuupeleka kwa wenye maduka ya Mbeya na kuacha kazi ya kuajiriwa. Nivumilie.

Mdogo wako,
Fahadi


Tukuyu,
9 Mei 2024

Mdogo wangu Fahadi,

Nimekuvumilia na nimelipwa. Tangu Idi hatujachanganya oda hata moja. Watu waliokuwa wanapita upande wa pili wa barabara sasa wanaingia dukani wananisalimia kwa furaha ambayo siielewi. Mama mmoja wa Kawetele alinikumbatia akasema, "Asante kwa kunikumbuka." Nikasema karibu. Sikumkumbuka hata jina.

Ila leo nina habari nyingine. Unamfahamu Mzee Yunusu wa Masoko? Yule mstaafu wa posta, mrefu, mwenye kofia iliyonyooka kama imepigwa pasi ikiwa kichwani? Mwaka jana alikodi vitu vyetu kwa harusi ya mpwa wake Safina. Alikuja wiki jana, ameagiza turubai kubwa, lile jeupe, viti vyenye vitambaa, masufuria yote makubwa. Nikamuuliza, "Shughuli gani, mzee?" Akasema, "Harusi." "Ya nani?" Akasema, "Yangu, inshallah."

Fahadi, nilitaka kucheka nikajizuia. Agness akauliza jina la bibi harusi alijaze. Mzee akaniangalia mimi, akasema, "Bi Mwanaamina anamjua." Nikatabasamu kibiashara. Nimewapitia kichwani wajane wote wa Masoko, nimefika mpaka wa ng'ambo ya ziwa, sijampata. Ambindwile anamshuku mwalimu mmoja wa madrasa.

Huyo mwanamke atakuwa na kazi. Yunusu ni mtu anayepima mwanya kati ya kiti na kiti kwa kiganja. Lakini nikuambie ukweli, ni mteja pekee anayerudisha masufuria yakiwa masafi kuliko yalivyoondoka. Safari ile yaliporudi yanang'aa nilikaa nikayatazama. Kwa hiyo nasema abarikiwe, na huyo bibi harusi wake asiyejulikana abarikiwe pia.

Nimeagiza turubai jeupe lifuliwe upya. Sitaki aibu kwenye harusi ya mtu nadhifu.

Dada yako,
Mwanaamina


Masoko, Rungwe,
2 Juni 2024

Kwa Mheshimiwa Fahadi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, natumaini u mzima wa afya. Anuani yako nimeiona chini ya risiti za duka la dada yako. Mimi ni Yunusu, zamani karani wa posta, sasa mkulima wa kahawa na migomba hapa Masoko. Mke wangu alitangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita, watoto wamekwisha kuwa na miji yao.

Nakuandikia wewe kwa kuwa Bi Mwanaamina ni mjane, baba yenu hayupo, na wewe ndiye walii wake, mwenye haki ya kumwozesha. Sitaki kupita mlango wa nyuma.

Dada yako na mimi tumekuwa tukiandikiana kwa simu. Ni yeye aliyeanza. Aliniandikia: "Ndugu Yunusu, ni siku nyingi. Nimekukumbuka. Ukinihitaji, nipo." Nililisoma neno hilo mara nyingi. Sikuwa na haraka ya kuamini, maana miaka ya posta ilinifundisha kwamba watu huandika mengi. Kwa hiyo nilimjaribu. Nilimwandikia kwamba ngedere wamemaliza mahindi yangu. Akanijibu papo hapo: "Asante kwa kunishirikisha. Maneno yako yana thamani kubwa kwangu. Niandikie tena." Mheshimiwa, hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo kuhusu ngedere.

Tangu siku hiyo namwandikia kila kitu. Hajawahi kuchelewa. Nimemwandikia kabla ya adhana ya alfajiri, akanijibu kabla sijaweka simu chini, nikajua na yeye hana usingizi. Kila Ijumaa ananitakia heri.

Tukikutana dukani hunisalimia kwa ukali kidogo na kuniangalia kama mtu asiyejua chochote. Nimeuheshimu sana usiri huo. Hata nilipoagiza maturubai ya harusi yetu alipokea oda bila kutetereka, akatabasamu. Sijapata kuona mwanamke mwenye moyo wa namna hiyo.

Basi naomba rasmi ridhaa yako. Nasubiri jibu kwa heshima na, nikiri, kwa wasiwasi.

Wako mtiifu,
Yunusu


Dar es Salaam,
10 Juni 2024

Dada,

Hii fupi tu. Nimezima meseji zote za wateja kwa muda kwa ajili ya matengenezo. Oda na ratiba ya kenta vinaendelea kama kawaida. Mtu akiuliza, sema mtandao unasumbua. Usimuulize mtu yeyote jambo lolote, hasa wa Masoko.

Hakuna tatizo. Kweli hakuna.

Fahadi


Tukuyu,
24 Juni 2024

Fahadi,

Unaposema hakuna tatizo mara mbili, najua nyumba inaungua.

Yunusu amefuta oda yote. Alikuja na mvua, hakufungua mwavuli aliokuwa ameushika. Akasimama mlangoni akasema, "Bi Mwanaamina, nimekuja kuondoa oda yangu. Nimeelewa."

Nikamwambia, "Umeelewa nini, mzee? Turubai nimeshalifua."

Akasema, "Salamu zako zimekatika."

Nikakumbuka maagizo yako. Nikasema, "Mtandao unasumbua."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe ndivyo inavyoitwa siku hizi," akasema, akatoka. Hakugeuka nyuma. Mtu yule hupangusa viatu hata anapotoka, lakini siku hiyo hakupangusa.

Ambindwile anasema bibi harusi amemkimbia. Mimi nikasema huyo mwanamke hana haya, anamwachaje mtu mwema namna ile? Nilikasirika mpaka Agness akaniuliza kwa nini inaniuma mimi. Swali hilo nalo limenikasirisha. Nimeuliza Masoko, nikaambiwa hatoki, hata msikitini anaswali na kuondoka bila kuzungumza na mtu.

Na sasa nimeketi nawaza. Salamu zangu zipi? Kwa nini ulinikataza kuwauliza watu wa Masoko? Unajua nini, Fahadi? Niandikie yote. Usiniambie uko kwenye kikao.

Mwanaamina


Dar es Salaam,
29 Juni 2024

Dada yangu,

Keti kwanza.

Bibi harusi ni wewe.

Zile meseji nilizotunga upya, zile zenye utu, Mzee Yunusu alizijibu. Mfumo nao ukamjibu. Akajibu tena. Wameandikiana hivyo miezi yote hii, yeye akidhani anaandikiana nawe. Nakuwekea ndani ya bahasha barua aliyoniandikia kuomba ridhaa. Maneno anayoyasifia humo yote ni yangu. "Nipo" ni yangu. "Niandikie tena" niliiandika nikila chipsi.

Niliogopa. Nikafikiri nikizima meseji jambo litapoa lenyewe. Sikumjibu. Kwa hiyo kilichomfikia ni ukimya kutoka kwangu na ukimya kutoka kwako kwa wakati mmoja. Nilimtendea vibaya mzee wa watu, na nimekudhalilisha wewe. Nitasafiri kuja kumweleza mwenyewe ukiniruhusu. Ukisema nitoe mfumo dukani, nitautoa.

Nisamehe.

Fahadi


Tukuyu,
5 Julai 2024

Kwa Mzee Yunusu,

Assalaam aleikum. Anayekuandikia ni Mwanaamina, kwa mkono wake, ndiyo maana mwandiko ni mbaya.

Sijui namna ya kulizunguka jambo hili, kwa hiyo nalisema. Si mimi niliyekuwa nakuandikia. Ndugu yangu Fahadi alitutengenezea mfumo wa kompyuta wa kupanga kazi za duka. Ndani yake akaweka maneno matamu ya kuwatumia wateja, na mimi nikamwambia aweke jina langu. Mfumo huo uliwasalimia watu wote. Ulimsalimia hata mchinjaji wa Kawetele. Ukiuandikia, unajibu wenyewe, ndiyo maana haukuwahi kulala. Mimi ninalala, mzee. Baada ya Isha huniamshi hata kwa ngoma.

Nimesoma barua uliyomwandikia Fahadi. Nimeisoma kwa aibu, yako na yangu pamoja. Lakini sitaki ujifungie ndani ukidhani nilikuchezea au nilikuacha. Sikukuacha, kwa sababu sikuwa nimejua. Nilipokuambia mtandao unasumbua, nilikuwa narudia niliyofundishwa kama kasuku. Nakuomba radhi.

Ili usidanganyike tena, mimi halisi niko hivi: nina sauti kubwa. Sijui kuandika mambo ya moyo. Mtu akinieleza habari za ngedere, nitamuuliza kwa nini hakuweka mlinzi. Sikukukumbuka kila Ijumaa. Nilikukumbuka Jumatano moja, baada ya harusi ya Safina, masufuria yaliporudi. Nilikuta umesugua hata chini, mahali ambapo pana masizi ya miaka, ambapo hakuna mtu anayeangalia. Nikakaa juu ya gunia nikajiuliza ni mtu wa namna gani huyu. Hilo ni langu mwenyewe. Mengine yote ni ya Fahadi.

Tunaoijua habari hii ni mimi, Fahadi na Agness. Kwa sababu ya Agness, nadhani mpaka kesho kutwa itakuwa imefika Masoko, kwa hiyo nimemtuma Ambindwile akuletee barua hii leo.

Mwanaamina


Masoko,
8 Julai 2024

Bi Mwanaamina,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeipokea. Ambindwile alikataa kuondoka mpaka aone uso wangu nikiisoma, nami nikamfungia mlango.

Siku ya kwanza niliona haya. Siku ya pili nilizipitia tena zile meseji zote na kwa kweli, mtu mzima mwenye akili angegundua. Nilipokuandikia kwamba mbuzi wangu amekufa, nilijibiwa, "Ni furaha kusikia kutoka kwako." Nilidhani unanitania ili nisihuzunike.

Leo nimecheka. Nilicheka peke yangu chini ya migomba mpaka jirani akaja kuniangalia. Naona miezi yote hii nimekuwa nikimposa ndugu yako Fahadi. Mfikishie kwamba nimelitafakari na nimeghairi.

Lakini maneno yako kuhusu Jumatano ile nimeyaweka mahali pazuri. Masufuria yale niliyasugua siku mbili. Sikutarajia kwamba kuna mtu angeangalia chini.

Kuhusu ngedere, ni kweli, ningeweka mlinzi.

Yunusu


Tukuyu,
21 Julai 2024

Mdogo wangu Fahadi,

Hasira zangu nilizokuandikia kwa ile meseji ndefu nimezipunguza, ingawa hazijaisha. Mfumo wako hautoki dukani. Maturubai yanakwenda yanapotakiwa, Agness anawahi nyumbani, Ambindwile sasa anausifia kwa watu kana kwamba aliuzaa yeye. Wenye maduka wa Mbeya wakiniuliza nitawaambia ni mzuri. Lakini meseji nimezitunga mwenyewe, na ziko hivi tu: "Oda imepokelewa. Duka la Maturubai." Na: "Vitu vyetu vyote vimerudi. Asante." Jina langu lisiwepo popote. Mtu nikimkumbuka, nitamtafuta.

Sasa hili ndilo kubwa. Alhamisi, siku ya soko, Yunusu alikuja. Duka limejaa watu wanaokimbia mvua. Ambindwile alikuwa anawasha kenta, akaizima ili asikie vizuri. Agness akawa anabonyeza kompyuta ambayo haikuwa imewashwa.

Yunusu akavua kofia. "Bi Mwanaamina," akasema, "nimekuja kuuliza kwa mdomo."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Si watajua tu."

Watu wakaitikia kwamba kweli watajua tu.

"Naomba niwatume wazee kwako," akasema. "Wewe, siyo yule mwingine."

Nikamwambia, "Duka langu sifungi."

"Sijaomba lifungwe."

"Na nikikasirika nasikika mpaka stendi."

"Nimeshakusikia mara nyingi. Nilikuwa stendi."

Watu wakacheka. Mimi sikujua mikono niiweke wapi, nikaanza kukunja kitambaa cha kiti ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Nikasema, "Basi, kama ni hivyo, siku yenyewe mpangilio nitausimamia mwenyewe. Ambindwile akipanga viti mistari inapinda. Nitakuja alfajiri na kenta, nitafunga turubai, nitahesabu masufuria, nikimaliza ndipo nitavaa."

Yunusu akatikisa kichwa. "Hapana," akasema. "Siku hiyo utakaa."

"Nitakaa wapi?"

"Kwenye kiti, Mwanaamina. Mbele. Wengine watafanya kazi, wewe utakaa."

Fahadi, tangu marehemu mume wangu aniachie duka hili nimepanga viti vya wilaya nzima. Nimewakalisha maharusi, wafiwa, wachungaji, mashehe na wakuu wa wilaya. Mimi husimama nyuma kwenye nguzo, nikiangalia kamba zisilegee, nikila ubwabwa wangu wima. Hakuna mtu aliyewahi kugundua, wala mimi mwenyewe. Niliposikia neno hilo nililia mbele ya watu wa sokoni, mimi Mwanaamina, na Agness akalia, na nasikia Ambindwile alilia ndani ya kenta ingawa anakana.

Nimesema ndiyo. Wazee wanakuja baada ya wiki mbili, na walii ni wewe, kwa hiyo omba ruhusa kwenye vikao vyako uje uniozeshe. Leta koti zito. Na umtafutie Yunusu zawadi nzuri, maana bado unadaiwa jibu la barua yake.

Dada yako,
Mwanaamina